Je, Wajua? Umeme Unapimwa kwa Mizani

Je, wajua kwamba kuna wakati bili ya umeme ilitolewa kwa kupima uzito wa zinki?

Septemba 1882 Thomas Edison aliwasha mitambo yake ya Pearl Street, New York, na nyumba na ofisi za mtaa ule zikaanza kuwaka taa. Ikabaki kujua nani ametumia umeme kiasi gani. Mita aliyoibuni Edison ilikuwa sanduku lenye chupa ya maji ya salfeti ya zinki, na ndani ya maji hayo vibao viwili vya zinki. Sehemu ndogo ya umeme wa mteja, sehemu iliyojulikana kwa hesabu, ilipitishwa humo. Kila taa ilipowaka, zinki ilimeguka kutoka kibao kimoja, ikasafiri majini na kujijenga juu ya kingine. Kila mwezi mtu wa kampuni alivichukua vibao, vikaoshwa, vikakaushwa, vikawekwa kwenye mizani nyeti. Tofauti ya uzito ndiyo iliyokuwa bili.

Kwa kuwa maji yale yangeganda wakati wa baridi kali, ndani ya sanduku kulikuwa na balbu iliyojiwasha yenyewe joto liliposhuka. Mteja hakuwa na njia ya kujisomea mita. Ilimbidi aiamini mizani ya kampuni. Leo mwenye LUKU au tokeni anaziona yuniti zake zikipungua, lakini chupa ile ilisimama juu ya kanuni madhubuti. Ampea 1 ya umeme ikipita kwa saa 1 huhamisha gramu 1.22 za zinki, iwe New York au Ngara, iwe chupa kubwa au ndogo.

Je, wajua kwamba aliyeigundua kanuni hiyo alianza maisha kwa kujalidi vitabu?

Michael Faraday alizaliwa mwaka 1791, mtoto wa mhunzi maskini wa London. Akiwa na umri wa miaka 14 alipelekwa kujifunza kazi kwa mjalidi wa vitabu, na vitabu alivyovijalidi akavisoma. Mwaka 1812 alipata tiketi za kwenda kumsikiliza Humphry Davy, mkemia ambaye miaka mitano kabla ya hapo alikuwa ametumia betri kuzitoa potasiamu na sodiamu katika potashi kali na soda kali, jambo ambalo hakuna aliyekuwa ameliweza. Faraday aliandika kila alichosikia, akayajalidi maandishi yake kwa mkono wake, akampelekea Davy. Mwaka 1813 akaajiriwa kuwa msaidizi wa maabara. Hakusoma hisabati ya juu, na maandishi yake ya kisayansi karibu hayana milinganyo kabisa. Hata hivyo kanuni alizozitoa mwaka 1833 na 1834 ndizo zinazompa kila mwanafunzi wa kemia hesabu zake za elektrolisisi, yaani kutenganisha vitu kwa umeme.

Namna alivyozifikia inastahili kutazamwa kwa karibu. Aliunganisha vyombo kadhaa kwenye njia moja ya umeme, kimoja baada ya kingine, vyote vikiwa na maji yenye asidi. Chombo hiki aliweka vibao vikubwa, kile vidogo. Huku asidi kali, kule hafifu. Gesi iliyotoka ikawa ileile kila mahali. Kisha akayeyusha kloridi ya bati ndani ya bomba la kioo juu ya taa ya spiriti, akazamisha waya wa platinamu aliokwisha kuupima uzito, na umeme uliopita humo akaupitisha pia kwenye chombo cha maji. Bati likajikusanya kwenye waya. Akaupima waya tena, akapima na gesi, akakuta uzito wa bati na uzito wa gesi umesimama katika uwiano uleule ambao wakemia walikuwa wakiujua kutokana na jinsi vitu hivyo vinavyoungana.

Kwa lugha ya leo tunasema hivi. Umeme ni elektroni zinazotembea. Ioni ya fedha ikifika kwenye kathodi, yaani kibao hasi, inahitaji elektroni 1 ili iwe fedha halisi. Ya shaba inahitaji 2. Ya alumini inahitaji 3. Ukizijua elektroni zilizopita, umezijua atomi zilizotoka. Na ukizijua atomi, umeujua uzito. Hesabu nzima inaingia katika mstari mmoja, ambamo 96,485 ni kulombi (ampea mara sekunde) za moli moja ya elektroni:

uzito (gramu) = ampea × sekunde × uzito wa atomi ÷ (elektroni za kila atomi × 96,485)

Tuchukue mrututu, ile chumvi ya buluu ambayo wakulima huichanganya kupigia dawa ya ukungu. Ndani yake mna ioni za shaba. Yeyusha mrututu kwenye maji, pitisha ampea 2 kwa dakika 30. Dakika 30 ni sekunde 1,800, kwa hiyo umepitisha kulombi 3,600. Uzito wa atomi ya shaba ni 63.55. Zidisha 3,600 kwa 63.55, gawanya kwa 2 mara 96,485. Jibu ni gramu 1.186 za shaba, imejibandika kwenye kathodi, nyekundu na inang'aa.

Wanaokosa hesabu hizi kwenye mtihani huwa hawakosi kemia. Wengi huziacha dakika bila kuzigeuza kuwa sekunde. Wengine husahau elektroni 2 za shaba, wakapata jibu mara mbili ya lile sahihi. Na kwenye gesi, mtu hukumbuka elektroni za atomi moja akasahau kwamba haidrojeni, oksijeni na klorini hutoka zikiwa atomi mbilimbili. Ukifanya hesabu kwa gramu, jambo hilo halikusumbui. Swali likikujia kwa lita, angalia mara mbili.

Je, wajua kwamba umeme uleule hutoa uzito tofauti kabisa kwa kila kitu?

Ampea 1 kwa saa 1, yaani ampea-saa 1, hutoa gramu 4.02 za fedha. Umeme huohuo hutoa gramu 1.19 za shaba, gramu 0.34 za alumini, na gramu 0.038 tu za haidrojeni. Fedha inaongoza kwa sababu atomi yake ni nzito na inadai elektroni moja tu. Alumini ni nyepesi na inadai tatu, ndiyo maana inakula umeme kuliko metali nyingi zinazotengenezwa kwa wingi duniani.

Dhahabu ina hesabu mbili. Katika maji ya sianidi, yanayotumiwa kupakia vito, atomi ya dhahabu inadai elektroni 1, na ampea-saa moja inatoa gramu 7.35. Katika maji ya kloridi, ambamo dhahabu husafishwa, inadai 3, na umeme uleule unatoa gramu 2.45. Ni metali ileile na ampea zilezile, lakini anayefanya hesabu bila kujua dhahabu imeyeyushwa katika nini atakosea mara tatu.

Kupakia dhahabu juu ya fedha si jambo jipya. Luigi Brugnatelli wa Pavia, Italia, aliweza kufanya hivyo kwa betri ya Volta mwaka 1805, na mwaka 1840 kina Elkington wa Birmingham wakapata hataza ya kutumia sianidi. Ukitaka kujua kwa nini bangili ya kupakwa hupauka upesi, kokotoa. Bangili yenye eneo la sentimita za mraba 50, ikipakwa dhahabu ya unene wa maikromita 1, inabeba dhahabu isiyofika hata gramu 0.1. Robo ampea inaimaliza kazi hiyo kwa dakika 3 na sekunde chache. Anayeuziwa bangili ya namna hiyo kwa bei ya dhahabu amenunua rangi.

Je, wajua kwamba ampea yenyewe iliwahi kufafanuliwa kwa uzito wa fedha?

Mwaka 1884, Cambridge, Lord Rayleigh na Eleanor Sidgwick walichapisha vipimo vyao vya uzito wa fedha inayotoka kwa kila kiasi cha umeme, kazi iliyodai usafi na subira ya hali ya juu. Vipimo vya namna hiyo vikawa msingi wa kipimo cha dunia nzima. Ampea ya kimataifa ikakubaliwa kuwa ule mkondo unaotoa miligramu 1.118 za fedha kila sekunde kutoka katika maji ya nitreti ya fedha. Ufafanuzi huo ulitumika hadi mwaka 1948. Maabara yoyote yenye mizani nzuri, saa ya kuaminika na fedha safi iliweza kusahihisha vifaa vyake bila kumwomba mtu ruhusa. Eleanor Sidgwick baadaye alikuwa mkuu wa chuo cha wanawake cha Newnham, na jina lake linastahili kutajwa kila jina la Rayleigh linapotajwa katika habari hii.

Je, wajua betri ya gari inapokunywa maji, maji hayo yanakwenda wapi?

Hapa hesabu ya Faraday inatoka darasani na kuingia kwenye kibanda cha fundi betri. Betri ya asidi ikishajaa chaji, umeme unaoendelea kuingia hauna risasi ya kugeuza tena. Unaanza kuyapasua maji: haidrojeni inatoka kwenye bamba hasi, oksijeni kwenye bamba chanya. Ndiyo yale mapovu unayoyasikia yakichemka ndani ya seli wakati betri wala haina moto wa kuchemsha chochote.

Ampea-saa 1 iliyozidi hupasua gramu 0.336 za maji katika kila seli. Betri ya volti 12 ina seli 6, na umeme uleule unapita zote sita, kwa hiyo kila ampea-saa ya ziada inaondoka na gramu 2 za maji. Tuseme betri imejaa jioni na fundi ameiacha kwenye chaja ya ampea 5 mpaka asubuhi, saa 10. Hizo ni ampea-saa 50. Karibu gramu 100 za maji zimekwisha, sawa na mililita 100. Asidi haikupungua, ni maji peke yake. Kwa sababu hiyo betri iliyopungua huongezwa maji ya betri na si asidi. Anayeongeza asidi anaifanya iwe kali kupita kiasi, na mabamba yanaliwa.

Kuna upande wa hatari ambao ningependa kila mwenye kibanda aujue. Katika usiku huohuo betri imetoa zaidi ya gramu 11 za haidrojeni. Zinasikika ndogo, lakini haidrojeni ni gesi nyepesi kuliko zote. Gramu 11 ni takriban lita 135. Haidrojeni ikifika asilimia 4 tu ya hewa inaweza kulipuka, na cheche ya kung'oa klipu kwenye kichwa cha betri inatosha kuiwasha. Kibanda cha kuchajia kiachwe wazi juu, kwa kuwa gesi hiyo hupanda. Chaja izimwe kabla klipu hazijaguswa. Sigara ibaki nje.

Je, wajua kwamba mabati ya kuezekea hayapakwi zinki kwa umeme?

Wengi huamini hivyo kwa sababu ya jina la Galvani, mtafiti wa umeme, lililomo katika majina ya kitaalamu ya mabati hayo. Mabati mengi ya kuezekea huchovywa katika zinki iliyoyeyuka, kwenye joto la nyuzi 450 hivi za Selsiasi, kwa sababu kuchovya kunaacha tabaka nene kwa haraka. Umeme hutumika zaidi panapotakiwa tabaka jembamba na lililo sawasawa, kama kwenye misumari midogo, skrubu na vipande vya mashine.

Je, wajua kwamba mabamba ya shaba yanayobebwa na malori kwenda Dar es Salaam yametengenezwa kwa hesabu hii?

Anayesafiri barabara ya Tunduma hadi Dar es Salaam atakuwa ameyaona malori hayo: mizigo mifupi, mizito, imefungwa kwa mikanda ya chuma. Mengi hutoka Katanga, upande wa Congo, kwenye miji ya Kolwezi na Likasi, ambako Kiswahili ni lugha ya mtaani na ya migodini. Mkoa huo wenyewe uliitwa Shaba kuanzia mwaka 1971 hadi 1997. Huko Likasi, mji uliowahi kuitwa Jadotville, kiwanda cha elektrolisisi cha Shituru kilianza kazi mwaka 1929, na leo Congo ni nchi ya pili duniani kwa kuchimba shaba, baada ya Chile.

Kazi inakwenda hivi. Mawe yenye shaba husagwa na kumwagiwa asidi ya salfuriki, shaba ikayeyuka na kuwa maji ya buluu, mrututu uleule. Maji hayo, baada ya kusafishwa, yanaingia kwenye mabwawa marefu yaliyopangwa safu kwa safu. Ndani ya kila bwawa zinaning'inia anodi (vibao chanya) za risasi na kathodi za chuma kisichoshika kutu, kwa zamu, zikikaribiana sana bila kugusana. Umeme ukipita, oksijeni inatoka kwenye risasi na shaba inajibandika pande zote mbili za kathodi.

Kathodi yenye upana na urefu wa karibu mita 1 ina mita 2 za mraba ukijumlisha pande zake. Viwanda vingi hupitisha ampea 300 hivi kwa kila mita ya mraba, yaani ampea 600 kwa kathodi moja. Iache siku 7, ambazo ni saa 168. Zidisha 600 kwa 168 kwa gramu 1.186: unapata karibu kilo 120. Hiyo ni hesabu ya karatasini. Kiwandani, tuseme asilimia 90 ya umeme ndiyo iliyofanya kazi ya shaba, basi zinapatikana kilo 108, nazo hubanduliwa mabamba mawili ya kilo 54 kila moja. Mabamba hayo ni shaba ya asilimia 99.99.

Asilimia 10 zilizopotea ndizo zinazowasumbua wahandisi mchana na usiku. Nyingine huliwa na chuma kilichomo kwenye maji, kinachopokea elektroni kwenye kathodi na kwenda kuziachia kwenye anodi, kikirudi na kwenda bila faida. Nyingine hupotea pale shaba inapoota vinundu mpaka ikagusa anodi ya jirani. Hapo umeme unapita moja kwa moja bila kubeba hata atomi moja. Ndiyo maana wafanyakazi hupita juu ya mabwawa wakitafuta bamba lenye joto kuliko wenzake. Bamba la moto ni bamba linalovujisha ampea.

Kuna kiwanda cha namna nyingine, kinachosafisha shaba chafu iliyokwisha kuyeyushwa kwenye tanuri. Huko anodi ni shaba chafu yenyewe: inayeyuka upande mmoja na kujijenga safi upande wa pili, kama zinki ya Edison. Dhahabu, fedha na platinamu zilizojificha ndani yake haziyeyuki, bali zinadondoka chini ya bwawa zikawa tope. Tope hilo hukusanywa kwa uangalifu mkubwa, na viwanda vingine hulipia sehemu nzuri ya gharama zao kwalo.

Elektrolisisi haikubali umeme wa majumbani ulivyo. Umeme huo hugeuza mwelekeo mara 100 kila sekunde, kwa hiyo kinachobandikwa hubanduliwa papo hapo. Lazima ugeuzwe kwanza uwe wa mwelekeo mmoja. Laini kubwa iliyojengwa kutoka bwawa la Inga, magharibi mwa Congo, hadi Kolwezi, umbali wa kilomita zipatazo 1,700, husafirisha umeme wa mwelekeo mmoja tangu miaka ya 1980 mwanzoni. Sababu yake kubwa ni umbali, lakini mwisho wa laini ile kuna viwanda vya shaba na kobalti ambavyo elektrolisisi yake huhitaji umeme wa mwelekeo mmoja.

Je, wajua kwamba vijana wawili waligundua njia ya kutoa alumini katika mwaka mmoja, walizaliwa mwaka mmoja na wakafa mwaka mmoja?

Charles Martin Hall wa Marekani na Paul Héroult wa Ufaransa hawakujuana. Wote walizaliwa mwaka 1863. Mwaka 1886, Hall akiwa katika banda la kuni la nyumba yao huko Oberlin, Ohio, dada yake Julia akimsaidia, na Héroult akiwa kwao Ufaransa, kila mmoja alipata jibu lilelile: yeyusha alumina, yaani oksidi ya alumini, ndani ya madini ya kriolaiti, kisha pitisha umeme. Wote walifariki mwaka 1914. Miaka miwili tu kabla ya ugunduzi wao, alumini ilikuwa adimu kiasi kwamba kilele cha mnara wa Washington kilifungwa kwa kipande chake cha kilo zisizofika 3, kikiwa kitu cha fahari.

Kwa nini wasitumie maji kama kwenye shaba? Kwa sababu ndani ya maji haidrojeni inatoka kabla alumini haijatoka. Alumina peke yake inayeyuka juu ya nyuzi 2,000. Ndani ya kriolaiti kazi inafanyika kwenye nyuzi 960 hivi.

Kilo 1 ya alumini, uzito wa sufuria ya wastani ya ugali wa familia kubwa, inadai ampea-saa 2,980. Kwa umeme, hizo ni yuniti 13 hadi 15. Angalia mita yako uone yuniti 15 zinakaa siku ngapi nyumbani. Ndiyo maana viwanda vya alumini hufuata umeme wa bei nafuu popote ulipo, hata kama boksiti, mawe yenye alumini, inatoka mbali. Nchi za Ghuba hazina historia ya boksiti, ila zina gesi ya kufua umeme: Bahrain ilianza mwaka 1971, Dubai mwaka 1979, na Sohar kule Oman mwaka 2008. Mtungi mmoja wa elektrolisisi wenye ampea 400,000 hutoa, kwa hesabu ya karatasini, tani 3.2 za alumini kwa siku. Kuyeyusha alumini chakavu hutumia asilimia 5 hivi ya nishati ya kuitoa upya. Anayeokota sufuria iliyotoboka na kuipeleka kwa mnunuzi wa skrepa ameokoa umeme mwingi kuliko anayezima taa mwezi mzima.

Je, wajua kwamba chumvi ya mezani na paneli ya sola vinaweza kuzuia kipindupindu?

Maji ya chumvi yakipitishwa umeme hutoa klorini kwenye anodi, na kwenye kathodi haidrojeni na soda kali. Vikiachwa vichanganyike huwa dawa ileile tunayoijua kama jiki. Ampea-saa 1 hutoa gramu 1.32 za klorini. Lita 1 ya dawa ya asilimia 0.5, inayotosha kusafishia sakafu na vyombo vya wagonjwa, ina gramu 5 hivi za klorini, kwa hiyo inahitaji ampea-saa 4 kwa hesabu, na zaidi ya hapo kwa vitendo. Vipo vifaa vidogo vya kazi hii, vinavyoweza kuendeshwa kwa paneli ya sola, vinavyotumiwa na zahanati zilizo mbali na barabara. Vifanyie kazi penye hewa: klorini inayotoroka inaunguza mapafu.

Je, wajua lithi inayotembea ndani ya simu yako ina uzito gani?

Simu yenye betri ya miliampea-saa 5,000 inapojaa, gramu 1.3 hivi za lithi zimehama kutoka upande mmoja wa betri hadi mwingine. Ikiisha chaji, zimerudi. Hakuna zaidi.

Je, wajua kwamba oksijeni imekwisha kutolewa kwenye Mirihi kwa hesabu hiihii?

Aprili 2021 kifaa kiitwacho MOXIE, ndani ya gari la Perseverance la Marekani, kilivuta hewa ya Mirihi, ambayo karibu yote ni kaboni dioksidi, kikaipasua kwa umeme na kupata gramu 5.4 hivi za oksijeni, kiasi cha kumtosha mtu kupumua kwa dakika 10. Hadi kilipomaliza kazi mwaka 2023 kilikuwa kimetoa gramu 122, na siku kilipofanya vizuri zaidi kilitoa gramu 12 kwa saa. Kina seli 10. Gawanya 12 kwa gramu 0.2985 za oksijeni zinazotoka kwa ampea-saa 1, kisha gawanya kwa seli 10. Unapata ampea 4 kwa kila seli. Mwanafunzi wa kidato cha nne anaweza kuikagua kazi hiyo ya Mirihi kwa kalamu.

Je, wajua kwamba namba 96,485 ilikuwa dokezo la elektroni kabla elektroni haijajulikana?

Ikiwa kila atomi ya fedha inadai umeme kiasi kilekile, na kila atomi ya shaba inadai mara mbili kamili, bila robo wala nusu, basi umeme wenyewe lazima uwe katika punje. Hermann von Helmholtz aliyasema hayo mbele ya wakemia wa London mwaka 1881, katika mhadhara wa kumkumbuka Faraday. George Stoney akaipa punje hiyo jina la elektroni mwaka 1891, na J. J. Thomson akaithibitisha maabarani mwaka 1897. Tangu Mei 2019 thamani ya chaji ya elektroni na idadi ya chembe katika moli moja zimefungwa kwa makubaliano ya kimataifa, na zao lao ni kulombi 96,485.332 kwa moli.

Walimu wa kemia, jaribio la mrututu halihitaji maabara ya gharama. Mrututu unauzwa duka la pembejeo. Vipande viwili vya waya wa shaba vinatosha kuwa elektrodi, betri ndogo ya sola inatoa umeme wa mwelekeo mmoja, na mita ya fundi redio inasoma ampea. Mizani ya sonara inayosoma gramu 0.01 inaazimika. Nusu ampea kwa dakika 30 itaongeza gramu 0.30 kwenye waya wa kathodi, na waya wa pili utapungua uzito huohuo. Mrututu ni sumu, usiingie kwenye chombo cha chakula. Wapeni wanafunzi wafanye hesabu kwanza, waandike jibu ubaoni, ndipo mizani iwashwe.